Kujenga mwili si kunenepesha

Ukikaa na wafanyakazi hapa Bujumbura saa ya chakula cha mchana, hukosi kusikia mtu akisema anapunguza mwili. Ajabu ni kwamba wengi huanza kwa kuacha maharage. Ugali wa muhogo unabaki, chai yenye sukari inabaki, na jioni ile chupa kubwa ya bia, yenye karibu kalori 300, nayo inabaki.

Mimi nilisoma shule ya msingi katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, Tanzania, kabla ya kurejea Burundi mwaka 2009. Katika somo la sayansi kimu tulikaririshwa makundi matatu ya vyakula: vya kutia nguvu, vya kulinda mwili na vya kujenga mwili. Kundi hili la mwisho ndilo la protini, yaani maharage, samaki, mayai, nyama na maziwa. Nahisi mkanganyiko unatokea hapo, kwani kwa Kiswahili cha mitaani mtu mwenye mwili ni mnene. Basi anayetaka kupunguza mwili anakikimbia chakula kinachoujenga!

Mwalimu mwenzangu, mama wa makamo, aliambiwa na daktari apunguze uzito kwa sababu ya shinikizo la damu. Akaacha maharage na samaki, akawa anakula mihogo ya kuchemsha na chai ya rangi. Baada ya miezi miwili kilo zilikuwa zimepungua kweli, lakini alikuwa anafundisha amekaa, na ngazi za shule zimemshinda. Nilipomwuliza, alinijibu: "Mwalimu, si maharage ndiyo yanayonenepesha?"

Kinachojengwa na protini ni misuli, damu, ngozi na viungo vingine. Mtu anapokula kidogo kuliko mahitaji yake, mwili huchoma mafuta uliyoyaweka akiba, lakini hula na misuli pia. Akipata protini ya kutosha na kufanya kazi au mazoezi ya kutumia nguvu, misuli mingi husalimika na kinachopungua zaidi ni mafuta. Tena protini hushibisha kwa muda mrefu. Katika kila kalori 100 za protini, mwili hutumia 20 hadi 30 kwa kazi ya kuisaga na kuihifadhi tu. Kwa wanga ni 5 hadi 10.

Kiasi gani kinatosha? Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani, pamoja na FAO, lilitaja gramu 0.83 kwa kila kilo ya uzito wa mtu mzima kwa siku. Mwenye kilo 70 anahitaji gramu 58 hivi. Gramu 100 za maharage yaliyopikwa zina protini kama gramu 9, yai moja gramu 6. Dagaa wa Tanganyika, ndagala kama tunavyowaita hapa, wakikaushwa vizuri zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Muhogo hauna hata gramu 2 katika gramu 100. Mwenzangu yule alikuwa anakula nini, basi?

Sisemi kila nyumba inunue ndagala kila siku. Mshahara wa mwalimu naujua. Maharage na wali, au maharage na ugali wa mahindi, hukamilishana vizuri, na ndagala wachache juu yake huongeza mengi. La kuangalia ni mawese. Kijiko kimoja kikubwa kina kalori zaidi ya 100, na huku kwetu mafuta humiminwa kwa jicho, hayapimwi.

Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kumwona daktari wake. Mama yule wa shuleni, ambaye figo zake ni nzima, siku hizi anakuja kazini amekwisha kula maharage ya jana yaliyopashwa moto, na kipindi cha kwanza anakifundisha amesimama.