Watano Uwanjani, Wangapi Benchi?

Mama mmoja wa hapa Madale alitusimamisha njiani na kutuuliza swali ambalo hatukulitegemea. Kijana wake yuko mwaka wa pili chuoni na anacheza mpira wa kikapu katika timu ya chuo. Kila baada ya mechi hurudi nyumbani hana hamu ya chakula, kichwa kinamgonga, na asubuhi yake hushuka kitandani akishika ukuta. "Kocha anamsifu kwamba hatolewi uwanjani hata dakika moja," alisema mama huyo. "Je, hiyo ni sifa au ni mateso?"

Tulimwahidi jibu katika ukurasa huu. Kwa maoni yetu si sifa, na hapa tutaeleza sababu zake, kwa maana tunajua familia nyingi zina vijana wanaocheza vyuoni na katika shule za sekondari.

Kwanza tuwaeleze wale waliozoea soka. Katika soka mchezaji akitolewa ndiyo basi, harudi tena. Kikapu si hivyo. Timu huwa na wachezaji hadi 12, watano wako uwanjani na wengine benchi, na kocha anaweza kuwabadilisha mara nyingi apendavyo. Anayetoka sasa anaweza kurudi baada ya dakika tatu. Mchezo wenyewe ni robo nne za dakika 10, yaani dakika 40. Zidisha 40 kwa watu watano upate dakika 200 za kazi. Hizo 200 ndizo kocha anazogawa, kama mama anavyogawa ugali kwenye sinia. Akiwapa watano wale wale dakika 36 kila mmoja, zinabaki 20 tu, nazo zinamtosha mtu mmoja. Akiwapa watano hao dakika 30, zinabaki 50, na watu wanne wanaweza kupata dakika 12 au 13 kila mmoja.

Mwili unavyochoka

Mchezaji wa kikapu hakimbii kwa mwendo mmoja kama mtu wa mbio ndefu. Anakimbia kwa kasi, anasimama ghafla, anaruka, anageuka, anasukumana chini ya goli, kisha anarudi tena mbio. Misuli ina akiba ndogo ya nguvu za haraka ambayo huisha katika sekunde chache. Jambo la kupendeza ni kwamba akiba hiyo hurudi upesi: dakika mbili au tatu za kukaa kitako hurudisha sehemu yake kubwa, na mapigo ya moyo hushuka. Kwa hiyo dakika tatu za benchi zina faida kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Asiyepumzika huendelea kucheza, lakini kwa mwili mwingine. Anachelewa nusu hatua, anamshika mpinzani kwa mkono badala ya kumzuia kwa miguu, na akiruka anatua vibaya. Goti huwa hatarini hasa wakati wa kutua na wakati wa kugeuka ghafla. Kwa wasichana hatari ya kukatika kano ya ndani ya goti ni kubwa zaidi kuliko kwa wavulana, na jeraha hilo huweza kumweka mtu nje kwa miezi mingi.

Ongeza joto letu. Kuanzia Desemba hadi Machi Dar es Salaam huwa na joto la nyuzi 31 na zaidi mchana, na hewa imejaa unyevu wa bahari. Jasho hupoza mwili pale linapokauka, na kwenye unyevu hivyo halikauki, linatiririka tu. Kijana anaweza kupoteza lita moja ya maji au zaidi kwa saa. Sakafu ya saruji isiyo na paa, saa tisa alasiri, huwa kama kikaango. Makocha wanaosoma vitabu vya nchi za baridi wasisahau kwamba vitabu hivyo viliandikwa kwa ajili ya kumbi zenye viyoyozi.

Usiku mrefu wa mwaka 2009

Upo mfano unaomhusu kijana wa mji huu huu. Hasheem Thabeet, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, alikuwa mchezaji wa kati wa Chuo Kikuu cha Connecticut, na baadaye mwaka huo wa 2009 akawa Mtanzania wa kwanza kuchaguliwa kuingia ligi ya kulipwa ya Marekani, NBA. Usiku wa Machi 12, 2009, Connecticut walikutana na Syracuse mjini New York. Dakika 40 ziliisha wakiwa sare. Wakaongezewa dakika tano, sare tena. Ikaendelea hivyo hadi muda wa nyongeza wa sita, kumeshapita usiku wa manane. Syracuse walishinda 127 kwa 117. Wachezaji wanane walikuwa wametolewa kwa kutimiza makosa matano, na Thabeet alikuwa mmoja wao. Jonny Flynn wa Syracuse alicheza dakika 67 kati ya 70.

Watu wanausimulia usiku ule kwa fahari, nasi hatukatai kwamba ulikuwa wa ajabu. Lakini tutazame yaliyofuata. Kesho yake Syracuse waliingia tena uwanjani, wakawashinda West Virginia baada ya muda mwingine wa nyongeza. Siku ya tatu, kwenye fainali, walikuwa mbele wakati wa mapumziko, kisha kipindi cha pili wakazidiwa na Louisville na kufungwa 76 kwa 66. Hatuwezi kusema uchovu ndio sababu pekee. Ila timu inayowategemea wachache kwa siku tatu mfululizo haina pa kukimbilia, na mashindano ya vyuo hapa kwetu mara nyingi huchezwa vivyo hivyo, mechi leo na mechi kesho, vijana wakilala mabwenini na kula kwa mgao.

Je, basi wacheze wote 12 sawasawa? Hapana. Anayeingizwa kwa dakika mbili akiwa na misuli baridi naye yuko hatarini kuumia, na wenzake hawajui atakimbilia wapi. Msimu wa 2014/15 kocha John Calipari wa Kentucky alijaribu kugawa timu yake vikosi viwili vya watu watano watano, wakipokezana. Hakuna aliyefikia wastani wa dakika 30 kwa mchezo, na walishinda mechi 38 mfululizo kabla ya kufungwa na Wisconsin. Lakini Kentucky walikuwa na vijana kumi waliolingana kwa ustadi. Chuo gani chetu kina kumi wa namna hiyo? Tena hata wao, mmoja alipokatika kano ya goti mwezi Desemba, mpango wa vikosi viwili ulivurugika.

Sisi tunaona timu ya chuo izungushe wachezaji wanane au tisa, na katika miezi ya joto au mechi za siku mfululizo wafike kumi. Wale bora wasizidi dakika 30 hivi, wala wasikae uwanjani zaidi ya dakika sita au saba bila kupumzishwa. Kazi ngumu hapa iko mazoezini. Kocha asiyemfundisha mchezaji wa nane siku ya Jumanne hatakuwa na ujasiri wa kumwingiza Jumamosi, halafu atasema benchi lake ni dhaifu. Nani alilifanya dhaifu?

Wapo ambao dakika zao zipunguzwe hata kama ni mahodari. Aliyetoka kuugua malaria au kuharisha bado damu na maji vimepungua mwilini, kwa hiyo aanze kwa dakika chache. Msichana mwenye upungufu wa damu vivyo hivyo. Pia wenye kurithi chembe ya selimundu kwa mzazi mmoja, ambao kwa kawaida hawaumwi na wengi hawajijui. Hao wanaweza kucheza vizuri, lakini kukimbizwa bila kupumzika kwenye joto kumewahi kuua. Mwaka 2006 Dale Lloyd, mchezaji wa Chuo Kikuu cha Rice huko Marekani, alifariki baada ya mazoezi makali, na mwaka 2010 chama cha michezo ya vyuo huko kiliagiza wachezaji wa daraja la kwanza wapimwe. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu, kwa hiyo ni vema kijana apime, kisha amwambie kocha wake.

Jambo jingine linalotukera: vidonge vya maumivu, kama diclofenac, vinavyomezwa kabla ya mechi ili "kukaza". Mwili uliokauka maji pamoja na vidonge hivyo ni mzigo mkubwa kwa figo. Apewe maji badala yake, chungwa au ndizi wakati wa mapumziko, na baada ya mechi uji wenye chumvi kidogo.

Mchezaji akianza kuyumba, kuongea yasiyoeleweka au kutapika, atolewe mara moja na asirudi siku hiyo. Alazwe kivulini, avuliwe fulana na viatu, amwagiwe maji ya baridi mwili mzima na kupepewa, huku usafiri wa hospitali ukitafutwa. Asinyweshwe chochote kama fahamu zimepotea. Apozwe kwanza, ndipo abebwe.

Yule mama tulimshauri amwombe kijana wake aandike kwenye karatasi, kwa mechi tatu, dakika alizocheza na rangi ya mkojo wake asubuhi iliyofuata. Mkojo ukiwa kama chai ya rangi, karatasi hiyo aipeleke kwa kocha, na yeye mwenyewe aende zahanati siku hiyo hiyo.