Nafaqa na Mali ya Kijana Mwenye Usonji Amalizapo Shule



Baada ya swala ya Ijumaa tuliulizwa na mzee mmoja wa Kabanga, Kasulu. Mwanawe mwenye usonji ana miaka 19 na amemaliza darasa la saba. Alipokuwa shuleni walimu walimwangalia mchana kutwa. Sasa amerudi nyumbani, na ndugu wanasema ameshabaleghe, hivyo baba hana wajibu naye tena, na chochote anachopewa ni cha wote.

Kwanza, usonji si wazimu. Ni hali ya ukuaji wa ubongo, nayo ina daraja nyingi: wapo waliofika chuo kikuu, na wapo wasiotamka neno. Kwa hiyo hukumu haifuati jina la hali bali mtu mwenyewe. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 6, Allah (s.w.) ameamrisha yatima wapimwe wafikapo umri wa kuoa, na wakabidhiwe mali zao unapoonekana kwao uongofu wa kuitumia, yaani rushdi. Kubaleghe peke yake hakutoshi. Imamu Abu Hanifa aliweka kikomo cha miaka 25 kwa mwenye akili timamu; Shaafi'i na wengi wa wanavyuoni hawakuweka umri. Basi mzee ampime: ampe shilingi elfu mbili anunue sabuni, arudi na chenji. Akiweza, amwongezee. Anachokiweza asinyang'anywe, na katika asichokiweza usimamizi wa baba unaendelea.

Ama nafaqa, waliosema imekwisha wamekosea. Katika madhehebu yetu ya Shaafi'i, mtoto mkubwa aliye fakiri na asiyeweza kuchuma analishwa na baba yake mwenye uwezo, hata akifika miaka hamsini. Baba asipokuwepo ni babu, kisha mama. Kwa sababu hiyo baba hampi mtoto huyo zaka yake kwa fungu la mafakiri. Atakuwa anajilipia deni lake mwenyewe. Lakini baba naye akiwa fakiri, Waislamu wengine wawape wote wawili, na la kijana lipokelewe na walii wake.

Tanzania haijawa na posho ya kila mwezi kwa kila mwenye ulemavu. Wenzetu wa Kenya wana ruzuku ya shilingi 2,000 za huko kwa mwezi kwa wenye ulemavu mkubwa. Hili si geni katika historia yetu. At-Tabari ameeleza kuwa Khalifa Al-Walid bin Abdil-Malik aliwapa wenye ukoma posho ili wasiombe, akampa kila kiwete mtumishi na kila kipofu kiongozi. Hakutoa fedha tu, alitoa na mtu wa kumshika mkono!

Ruzuku za TASAF chini ya Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ulioanza mwaka 2012, zilitolewa kwa kaya. Hizo nyumba nzima kula si dhuluma, mradi kijana asiwe wa mwisho kula. Ama mkopo wa halmashauri, katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo mbili ni za wenye ulemavu, hauna riba, nalo ni jambo la kushukuru. Ulisimamishwa mwaka 2023 ukarejeshwa 2024. Lakini mkopo ni deni. Walii asikope kwa jina la kijana kisha akanunua pikipiki ya kaka yake.

Linalotutia hofu zaidi ni siku baba atakapofariki. Kijana anarithi fungu lake kamili kama ndugu zake, lakini mara ngapi tumeona shamba la migomba likigawanywa na yeye akaambulia sahani ya chakula? Tena kwa Shaafi'i ndugu hawalazimiki kumlisha. Wasia wa mali kwa mrithi haupiti ila warithi wenzake wakiridhia. Kwa hiyo baba, angali hai, anaweza kumwekea waqfu kwa haja yake, na amtaje wasii mbele ya mashahidi wawili.

Mzee aliuliza kama wasii anaweza kuwa mwanamke. Ndiyo, akiwa mwadilifu na muweza, na mama akitimiza sharti hizo hutangulizwa. Umar bin Al-Khattwab (r.a.) alimkabidhi binti yake Hafsa (r.a.) usimamizi wa waqfu wake, na wanawe wa kiume walikuwepo.