Bakteria Wanaovuka Tumbo

Ngege wa Ziwa Edward hupita mikono mingi kabla ya kufika jikoni Kyondo, wilayani Kasese, Uganda: mvuvi wa Katwe, mama anayempara magamba na kumtumbua ufukweni, mchuuzi wa pikipiki, kisha meza ya sokoni Bwera au Mpondwe. Njiani humwagiwa maji mara kadhaa, na wasiwasi wangu uko kwenye maji hayo. Juni na Julai 2015 kipindupindu kilizuka Katwe. Wachunguzi walipofuatilia chanzo, walifika mahali pa ufukweni ambapo wanakijiji walikuwa wakichota maji ya kunywa.

Kabla ya hapo, tangu mwisho wa 2007 hadi katikati ya 2009, Kasese ilipigwa na homa ya matumbo, yaani taifodi. Ripoti ilitaja wagonjwa 577, wakiwemo 249 waliotoboka utumbo, na vifo 47. Bakteria wengi waliooteshwa maabara walikuwa sugu kwa dawa za zamani za ugonjwa huo: kloramfenikoli, ampisilini na septrin.

Watu husema tumbo lina asidi, itawaua. Asidi ya tumbo tupu kweli huua bakteria wengi haraka. Lakini samaki aliyeliwa na ugali wa muhogo huipunguzia makali kwa muda, na bakteria waliojibanza ndani ya chembe za chakula hupenya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, walilipima jambo hili miaka ya 1970 kwa watu waliojitolea kumeza vijidudu vya kipindupindu. Bila kuituliza asidi, ilihitajika milioni mia moja au zaidi ili mtu augue. Walipopewa magadi ya kutuliza asidi kwanza, milioni moja zilitosha. Kwa hiyo anayemeza kila siku vidonge vya kupunguza asidi ana kinga ndogo kuliko jirani yake anayekula sahani ileile.

Kuhara si hasara pekee. Bakteria sugu anaweza kupita bila kukuuguza, akaacha urithi. Mwaka 1959 Wajapani Tomoichiro Akiba na Kunitaro Ochiai walieleza jinsi usugu unavyohama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Wakati huo wagonjwa wa kuhara damu nchini mwao walikuwa na vijidudu visivyosikia dawa nne kwa mpigo, na bakteria wa kawaida wa utumboni mwao walikuwa na usugu uleule. Bakteria hutoa kijirija chembamba, humvuta jirani karibu, kisha humpitishia nakala ya pete ndogo ya DNA iitwayo plazimidi. Mtoaji hapotezi chochote, hubaki na yake. Pete moja huweza kubeba usugu wa dawa kadhaa, na jirani huyo anaweza kuwa wa jamii nyingine kabisa.

Sasa mtu aliyebeba bakteria sugu tumboni akiumwa kichwa, akanunua septrin nne dukani, dawa itawaua bakteria dhaifu na kuwaachia sugu nafasi ya kuzaana. Wauzaji wa dawa hulaumiwa sana. Mimi nakilaumu zaidi kipimo cha Widal, kile cha haraka cha damu, ambacho mara nyingi humwambia mwenye homa kuwa ana taifodi hata kama hana, naye akakimbilia dawa.

Bakteria sugu hawana usugu dhidi ya moto. Ngege akichemka mpaka nyama iachane na mfupa, wamekufa. Chumvi ya Katwe na jua huwapunguza tu, basi samaki mkavu naye apikwe vizuri. Kisu kilichopasua samaki mbichi kisiguse nyanya za kachumbari kabla ya kuoshwa kwa sabuni. Na homa ikipita siku tatu, usianze na septrin: nenda hospitali, uliza kama damu yako inaweza kuoteshwa maabara, ili daktari ajue ni dawa ipi bado inafanya kazi.