Udaktari ughaibuni: Tuhesabu miaka sita, si mwaka mmoja

Kila mwaka, matokeo ya Kidato cha Sita yanapotangazwa, ofisi ya Kamati ya Msikiti hupokea wageni wa aina moja. Huja baba na kijana wake, au mama na binti yake, wakiwa na barua ya kukubaliwa katika chuo cha tiba nje ya nchi. Haja zao ni mbili: barua ya utambulisho, na tangazo la mchango baada ya Swala ya Ijumaa. Furaha yao ni yetu pia, kwani jamii isiyo na madaktari wake huishi kwa kutegemea huruma ya wengine.

Hata hivyo, fedha za waumini ni amana, na amana hiyo inatulazimu kuuliza swali moja kabla ya kutia saini. Je, hesabu iliyofanywa ni ya mwaka wa kwanza au ya masomo yote? Mara nyingi tunajibiwa kuwa ni ya mwaka wa kwanza, na kwamba huko mbele Allah (SW) atafungua njia. Tawakkul ni nguzo ya muumini, lakini haikuja kuondoa wajibu wa kujipanga.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Chuo kinatoza ada ya dola 4,000 kwa mwaka. Chakula, malazi, bima ya afya na kibali cha kuishi vinafika dola 3,000. Jumla ni dola 7,000 kwa mwaka, na kwa miaka sita ni dola 42,000. Tukikadiria shilingi 2,500 kwa dola moja, hizo ni shilingi milioni 105, bila nauli ya ndege na bila kuhesabu kushuka kwa thamani ya shilingi. Shamba lililouzwa kwa shilingi milioni 18 humaliza mwaka mmoja tu. Mwaka wa pili shamba halipo, na kijana yuko ugenini na deni la ada.

Baba mmoja alitujia akiwa na azma ya kuuza shamba la minazi, urithi ambao ndugu zake walikuwa na fungu ndani yake. Tulikaa naye na kijana wake, tukaandika hesabu ya mwaka hadi mwaka kwenye karatasi moja. Baba aliitazama karatasi ile kwa muda mrefu, kisha akasema: "Basi nilikuwa namnunulia mwanangu tiketi ya kwenda, si elimu." Shamba halikuuzwa. Kijana alijiunga na stashahada ya utabibu hapa nchini, ambayo huchukua miaka mitatu, na mhitimu wake akitimiza vigezo huweza kuendelea hadi shahada ya udaktari. Leo anatibu watu katika zahanati huku akijiandaa kuomba chuo kikuu.

Hatusemi haya ili kuwavunja moyo wenye nia ya kusafiri. Njia za wenye uwezo mdogo zipo, ila zinataka maandalizi ya mapema.

Ya kwanza ni ufadhili wa serikali ya Uturuki, ujulikanao kama Türkiye Bursları. Maombi hufanywa kwa njia ya intaneti bila malipo yoyote, na kwa kawaida dirisha hufunguliwa Januari 10 na kufungwa Februari 20. Anayepata hulipiwa ada, malazi, bima ya afya, posho ya kila mwezi, mwaka mmoja wa kujifunza Kituruki, na tiketi ya kwenda mwanzo wa masomo na kurudi baada ya kuhitimu. Masharti yake si mepesi: mwombaji wa shahada ya kwanza awe na umri chini ya miaka 21, na kwa fani za tiba awe na ufaulu usiopungua asilimia 90. Udaktari huko ni miaka sita, hivyo pamoja na mwaka wa lugha ni miaka saba. Tiketi za likizo hazimo. Mzazi ajue kwamba huenda asimwone mwanawe kwa muda mrefu.

Ya pili ni Benki ya Maendeleo ya Kiislamu, yenye makao yake Jeddah. Tangu mwaka 1983 benki hiyo imekuwa na mpango wa kuwasomesha vijana wa jamii za Kiislamu katika nchi zisizo wanachama wake, kama yetu. Mpango huo ulijengwa juu ya karadha njema: mhitimu hurejesha bila riba baada ya kupata kazi, na marejesho huelekezwa katika kusomesha wengine wa jamii yake. Ya tatu ni nafasi zinazotolewa na nchi rafiki na kutangazwa kupitia Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Matangazo hayo yasomwe yanapotoka, kwani muda wake huwa mfupi.

Wapo vijana wanaotazama Marekani. Wajue kwamba huko udaktari husomwa baada ya kumaliza shahada ya kwanza, na kabla yake kuna mtihani wa MCAT ambao ada yake inazidi dola 300. Vyuo vingi vya tiba havipokei wanafunzi wa kigeni, na baadhi ya vile vinavyowapokea hudai fedha za ada ya mwaka mmoja au zaidi ziwekwe benki kabla ya kuanza. Mikopo ya serikali kuu ya huko haimhusu mwanafunzi wa kigeni. Kwa familia ya kipato cha chini, mlango huo ni mwembamba sana.

Kuhusu mawakala, tunashauri tahadhari. Barua ya kukubaliwa ithibitishwe kwa kuwasiliana na chuo chenyewe, na ada ilipwe katika akaunti ya chuo, si ya mtu binafsi. Chuo kiangaliwe kama kimo katika Orodha ya Dunia ya Vyuo vya Tiba, ambayo husomwa bure kwenye intaneti. Kisha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania iulizwe kabla ya safari, kwani ndiyo inayotambua shahada za nje. Akirudi, mhitimu atasimama pia mbele ya Baraza la Madaktari Tanganyika ili asajiliwe. Shahada isiyotambuliwa ni miaka sita iliyopotea. Na usalama wa nchi upimwe vilevile: vita vilivyoanza Khartoum Aprili 2023 viliwarudisha nyumbani vijana wetu wengi wakiwa katikati ya masomo.

Mabinti nao wasisahauliwe. Tunapenda wake zetu watibiwe na daktari mwanamke. Daktari huyo hatateremka kutoka mbinguni. Kama fedha inatosha mtoto mmoja, kipimo kiwe ufaulu na nia, si kuwa wa kiume au wa kike.

Palipo na mkopo wa ndugu au jamaa, tuandikiane. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu kuandika deni, ilhali sisi huona haya kumwomba mjomba karatasi. Karatasi hiyo ndiyo inayolinda udugu deni linapochelewa.

Kwa upande wake, Kamati imeamua kwamba tangazo la mchango litatolewa kwa familia itakayoleta hesabu ya miaka yote ya masomo na uthibitisho wa chuo. Walio Kidato cha Tano na cha Sita wasisubiri matokeo: cheti cha kuzaliwa, pasipoti na nakala za vyeti viandaliwe sasa. Ofisi yetu hufunguliwa kila siku baada ya Swala ya Alasiri, na karatasi ya kupigia hesabu ipo.