Chombo Kisicho na Nahodha

Wazee wa pwani walisema, manahodha wengi chombo huenda mrama. Hawakuulizwa juu ya chombo kisicho na nahodha hata mmoja. Swali hilo limetufikia sisi, nasi hatuna budi kulijibu.

Huko Norwei, tangu mwaka 2022, meli ya umeme iitwayo Yara Birkeland, yenye urefu wa mita 80, huchukua makontena ya mbolea kutoka kiwandani Porsgrunn mpaka bandari ya Brevik. Imeundwa ili hatimaye ijiendeshe yenyewe, ikiangaliwa na watu walioketi nchi kavu. Haikuachiwa bahari siku ya kwanza, bali ilianza kazi ikiwa na mabaharia ndani huku mitambo yake ikijaribiwa. Huo ndio mwendo wa busara.

Sisi si watu wa kuiogopa mitambo. Mtambo haulewi, wala hausinzii zamu ya alfajiri. Lakini mwaka 2021 chombo kidogo Mayflower, kisicho na mtu ndani, kilitoka Uingereza kwenda kuvuka Atlantiki, kikapatwa na hitilafu ndogo ya mtambo, kikalazimika kurudi. Hapakuwa na fundi ndani wa kuitengeneza. Kilifika ng'ambo mwaka uliofuata.

Basi sheria yasemaje? Kanuni za kuzuia migongano za mwaka 1972 zaagiza kila chombo kilinde njia yake kwa macho na kwa masikio saa zote. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, wa mwaka 1982, wataka kila meli iwe chini ya nahodha na maofisa wenye ujuzi, tena wataka nahodha amsaidie kila aliye hatarini kupotea baharini. Je, mvuvi ambaye mashua yake imepinduka, naye anapunga shati juu ya maji, ataonwa na nani? Nani atamtupia kamba?

Kwa hakika chombo hiki hakikukosa manahodha. Kinao wengi mno. Yuko mwenye meli, yuko aliyeandika programu, yuko aliyeunda jicho la mtambo, yuko na mlinzi wa nchi kavu. Siku kitakapogonga, kila mmoja atamwonyesha mwenziwe kidole. Hapo ndipo maneno ya wazee yanapotimia.

Mwaka 2023, katika mazungumzo ya Shirika la Kimataifa la Bahari, ilikubaliwa kwamba kila meli ya namna hii lazima iwe na nahodha binadamu, awe ndani au awe nchi kavu, mwenye uwezo wa kuingilia kati. Twaunga mkono. Lakini imezungumzwa pia kwamba nahodha mmoja aweza kukabidhiwa meli kadhaa kwa wakati mmoja. Hapo twasita.

Tukumbuke mwaka 1912. Titanic ilipokuwa ikizama, meli ya Californian haikuwa mbali, lakini mtu wake mmoja tu wa simu ya upepo alikwisha kwenda kulala baada ya kazi ya mchana kutwa. Walipotea watu zaidi ya 1,500. Mkataba wa usalama wa maisha baharini ulitiwa sahihi mwaka 1914, maiti wakiwa wamekwisha kuzikwa.

Safari hii twataka sheria itangulie. Mosi, kila safari iandikwe jina la nahodha mmoja wa kujibu. Pili, walinzi wa nchi kavu wawe na vyeti, zamu na saa za mapumziko kama mabaharia, na mabaharia ndio wafundishwe kwanza kazi hiyo, wasitupwe gatini kama kamba kuukuu. Tatu, chombo kisichoweza kumsaidia mtu anayezama kisiruhusiwe kung'oa nanga.

Imepangwa kwamba kanuni za lazima zianze kutumika tarehe 1 Januari 2032. Muda upo, ila si mwingi. Mtambo hauwezi kusimama kizimbani, mtu aweza. Basi na ajulikane mtu huyo kabla chombo hakijatoka bandarini.