Mkalimani Ndani ya Kompyuta

Ofisi nyingi hununua kompyuta kwa ajili ya programu moja tu: ya hesabu za mishahara, ya kuchora ramani, au ya kutunza orodha ya mali iliyomo ghalani. Miaka hupita, kisha siku moja mtengenezaji wa mfumo wa uendeshaji hutangaza kwamba hatautunza tena. Ndivyo ilivyokuwa kwa Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, na kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Programu yenyewe bado ni nzima, lakini nyumba inamokaa imebaki bila mlinzi. Je, ni lazima mashine itupwe?

Njia nyingine ipo, na yafaa wasomaji waifahamu pamoja na mipaka yake.

Kwanza tujue chanzo cha ugumu. Programu peke yake haiwezi kufungua faili, kuonyesha maandishi kwenye kioo, wala kupeleka karatasi kwenye mashine ya kuchapia. Kila inapohitaji jambo huuomba mfumo. Programu ya Windows huomba kwa lugha ya Windows. Linux, mfumo ambao Linus Torvalds aliutoa mwaka 1991 na ambao hutumiwa bila malipo, hauielewi lugha hiyo. Prosesa ni ile ile, bali maombi hayasikiki.

Mwaka 1993 Bob Amstadt na Eric Youngdale walianza kumtengeneza mkalimani, wakamwita Wine. Tangu mwaka 1994 kazi hiyo imeongozwa na Alexandre Julliard. Jina hilo ni kifupi cha maneno yenye maana kwamba Wine si mwigaji. Mwigaji huunda kompyuta nzima ya bandia ndani ya ile ya kweli, na hivyo hula nguvu nyingi. Wine hukaa kati tu: hupokea ombi la programu, huligeuza liwe ombi la Linux, kisha hurudisha jibu kwa lugha ambayo programu inaijua. Askari yeyote aliyetumika bega kwa bega na kikosi cha lugha nyingine anajua thamani ya mtu wa namna hiyo.

Kazi haikuwa nyepesi. Maombi ni maelfu, na mengine hayakuelezwa kikamilifu katika vitabu vya mfumo. Watengenezaji hawanakili maandishi ya ndani ya Windows. Huijaribu kutoka nje, wakilinganisha ombi na jibu lake. Toleo la 1.0 lilitoka tarehe 17 Juni 2008, baada ya miaka 15. Mwaka 2018 kampuni ya Valve ilitoa Proton, iliyojengwa juu ya Wine, na mwaka 2022 ikauza Steam Deck, mashine ya michezo inayotumia Linux lakini huchezesha michezo mingi iliyotungwa kwa Windows.

Hata hivyo, mkalimani hawezi kila jambo. Programu nyingine hugoma au hufanya kazi nusu nusu. Kifaa kinachohitaji programu yake maalumu ya kukiendesha huenda kisitambulike. Tena, Wine haichagui kati ya mwema na mwovu: virusi vilivyotungwa kwa Windows huweza kupita humo na kuharibu faili za mtumiaji. Mashine inapokuwa na prosesa ya jamii nyingine, ukalimani wa maombi hautoshi; ni sharti maagizo ya prosesa nayo yageuzwe, kama Apple ilivyofanya kwa Rosetta 2 mwaka 2020.

Kwa hiyo mkuu wa ofisi asikurupuke. Atoe kwanza nakala za faili zote na kuzihifadhi mahali pengine. Aijaribu programu katika mashine moja, kwa kazi halisi ya mwezi mzima, akilinganisha matokeo na yale ya mashine ya zamani. Yakilingana, aendelee, yakitofautiana hata kwa shilingi moja ya mshahara, asimame na kutafuta sababu. Fedha ya kununulia mashine mpya huweza kuokolewa, lakini kumbukumbu zilizopotea hazinunuliki.