Kwa Nini Damu Huchukuliwa Kabla ya Sindano ya Kwanza

Si kila homa kali ni malaria. Utafiti uliofanyika Moshi mwaka 2007 na 2008, kwa wagonjwa 870 wakubwa kwa watoto waliolazwa kwa homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi, ulionesha kuwa asilimia 60.7 walidhaniwa kuwa na malaria, ilhali waliothibitika kuugua kwa sababu hiyo ni asilimia 1.6 tu. Takribani mmoja kati ya kumi alikuwa na bakteria katika damu, maradhi yanayoweza kumfanya mtu awe mahututi ndani ya saa chache.

Njia iliyozoeleka ya kuyathibitisha ni kuotesha vimelea. Damu huingizwa katika chupa yenye virutubisho na kutunzwa katika joto la mwili mpaka bakteria waongezeke na kutambulika. Kwa kawaida huchukua siku moja au mbili, na chupa isiyoonesha kitu husubiriwa hadi siku tano. Kisha huhitajika siku nyingine moja au mbili kujua ni bakteria gani na ni dawa ipi inayomuua. Muda wote huo daktari hutibu kwa kukisia. Kwa kisomo na uzoefu, lakini bado ni kukisia.

Vipimo vya molekuli hufupisha safari hiyo kwa kutafuta vinasaba vya bakteria na kuvirudufu mara nyingi mpaka vionekane. Wananchi wengi wamekwisha kuhudumiwa kwa teknolojia hii kupitia mashine ya GeneXpert, inayopima makohozi na kutoa majibu ya kifua kikuu kwa takribani saa mbili. Mashine hiyo hiyo, ikiwekewa katriji nyingine, huweza kubaini kwa takribani saa moja kama chupa iliyoota ina Staphylococcus aureus, na kama bakteria huyo ni sugu kwa methisilini.

Izingatiwe: ni chupa iliyoota. Katika damu ya mtu mzima, mililita moja inaweza kuwa na bakteria mmoja tu au isiwe naye kabisa, hivyo vipimo vingi vya haraka bado huanzia kwenye chupa. Vipo vinavyopima damu moja kwa moja kwa saa tatu hadi tano, lakini ni ghali na hutambua vimelea vichache. Aidha, vinasaba hufichua baadhi tu ya usugu.

Uchache huo wa bakteria ndio sababu mtu mzima huchukuliwa mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa, mara nyingi chupa mbili. Damu hiyo haiuzwi, kama minong'ono ya wodini inavyodai. Watoto huchukuliwa kidogo kulingana na uzito.

Hospitali nyingi za wilaya hazioteshi damu, hivyo mgonjwa hupewa rufaa. Kinachoharibu kipimo mara nyingi hutokea kabla ya safari hiyo: dozi mbili tatu za antibayotiki za duka la dawa huweza kuzuia bakteria wasiote bila kumponya mgonjwa, na mashine ikakosa cha kupima. Aliyekwisha kumeza dawa asifiche; aje na paketi yake na aeleze saa ya dozi ya mwisho. Aliyezidiwa hasubirishwi majibu: damu huchukuliwa, na dawa huanza papo hapo.